Kibubu cha mwembe cha Langoni: miezi kumi na moja, halafu nyundo

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibana kwa makusudi na ntaeleza huko mbele, ila nianze na sifa manake fundi ana haki yake.

Kwanza mjue nani anaongea. Mimi nafanya kazi gesti moja ya Shela, hapa Lamu, jikoni na kutandika, mshahara elfu 16 msimu ukiwa umekaza na nusu yake ile miezi kusi ikivuma wageni wakakatika, yaani Aprili mwishoni mpaka Juni tunabaki kuangaliana na paka. Tipsi zipo kaskazi, Disemba hadi Machi, halafu Agosti kidogo wakija Wahispania. Sasa mwaka jana Ramadhani, usiku mmoja nimekosa usingizi baada ya daku, nkachukua kalamu nkapiga hesabu: elfu 16 mara miezi tisa, elfu 8 mara mitatu, mara miaka sita niliofanya kazi pale. Milioni moja na elfu nane, tipsi sijatia. Milioni wallahi. Imepita mikononi mwangu mimi huyu huyu, na nilichokuwa nacho usiku ule ni simu imepasuka kioo na stuli mbili za plastiki. Sinywi, sichezi zile kamari za kwenye simu, sina mtoto wa shule. Nkajiuliza imekwenda wapi na jibu sikulipenda, imekwenda mia mia.

Idi ikapita, Mfunguo Mosi siku ya saba hivi nkapeleka kiti cha bibi kwa fundi kitiwe mguu. Sikwenda kwa ajili ya kibubu hata kidogo. Nkaviona vimepangwa rafuni kama mikate, vidogo vikubwa, vingine vimechorwa jahazi kwa ajili ya watalii (hivyo usinunue, rangi yabanduka). Changu ni cha mbao ya mwembe, urefu shubiri mbili, kimo shubiri moja, pembeni kapiga nakshi ya waridi kama ile ya milango yetu ila ndogo. Bei akaanza 1,200 mpaka nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani, akashuka 850 akaniuliza bibi hajambo.

Hakina mlango. Hakina kufuli, hakina bawaba, kina tundu juu basi. Nkamuuliza, ami, na nkitaka kutoa? Akasema ukitaka kutoa leta nyundo. Na nkitaka kuangalia zimefika ngapi? Akasema kitikise.

Hapo ndipo nilipokipenda. Manake jina lenyewe si limetoka kwa bubu? Hakisemi. Na mimi shida yangu miaka sita yote, nimekuja kuona, ilikuwa pesa zangu zina mdomo.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiweka kwa simu kama watu wote. M-Shwari, ile akiba ya kwenye simu, ilipokuja 2012 nilikuwa bado shule, nilipoanza kazi nikafungua, na kuna ile ya kufunga pesa kwa miezi, nilifunga mara tatu na mara tatu nimevunja kabla ya muda, kosa si lao ni langu, kitu ambacho naweza kukifungua saa tano usiku nimelala kitandani kwangu hakijafungwa. Halafu simu inasema. Pesa ikiingia yalia, ikitoka yalia, salio lajitangaza hapo juu ya kioo na mdogo wako kakaa ubavuni anaangalia video kwa simu yako. Ukiwa na deni la ile ovadrafti ya simu ndio kabisa, tipsi ya mgeni yamezwa kabla hujamaliza kusema ahsante. Na kutoa nako, ukitoa 200 kwa wakala wakata shilingi 29, ukitoa 2,500 ni 29 ile ile. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi, piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna watu. Hapa naomba nieleweke vizuri nisije nkatukanwa. Mimi sisemi usisaidie ndugu zako, na mimi nimesomeshwa na ndugu. Lakini Lamu hii ni ndogo, toka Mkomani mpaka Langoni wajua nani kanunua samaki gani leo. Mtu akija na shida yake na wewe unayo, ukisema huna ni uongo, ukisema unayo na hutoi ni uchoyo, na vyote viwili ni dhambi. Kibubu kinakutoa kwenye shimo hilo. Pesa ninayo lakini sina. Nafungua mkoba mbele yake, kuna mia mbili, tunagawana mia mia, yeye kaondoka radhi na mimi sijasema uongo. Miezi yote hiyo hakuna mtu alokasirika na mimi na sikukopwa hata mara moja ile mikopo ya "ntakurudishia mwisho wa mwezi" ambayo mwisho wa mwezi wake haufiki.

Nlikuwa natia nini? Sikuwa na bajeti mie, nlikuwa na sheria moja tu, ndovu halali nje. Mnajua zile sarafu mpya za 2018 zina wanyama, ya shilingi twiga, ya tano kifaru, ya kumi simba, ya ishirini ndovu. Kila ndovu aliyenifika mkononi, ikifika jioni yuko ndani. Watoto wa dada yangu walishajua, nikirudi wananipekua "shangazi leo ndovu wangapi" na wao ndio hutia, hapo pana faida ambayo fundi hakuitangaza. Noti nilitia ikiwa siku imekuwa nzuri, hamsini, mia, Januari kuna siku nilitia elfu moja mkono ukitetemeka.

Na yuro za sarafu! Wanaofanya kazi na wageni watanielewa. Mgeni anakupa yuro mbili tatu za sarafu anadhani kakupa pesa, na kwake ni pesa kweli, lakini peleka benki uone, sarafu ya nje haipokelewi, noti tu. Zamani nilikuwa nazitupa kwenye kikombe zinapotea. Sasa nilizitia kibubuni nikijua siku kitakapovunjwa nitatafuta mgeni mzuri anayerudi kwao nimbadilishe kwa noti. Zilifika yuro 63. Mama mmoja wa Kiitaliano alinibadilishia zote akafurahi, alisema atalipia kahawa uwanja wa ndege.

Sasa ubaya wake.

Juni mama aliumwa. Usiku, homa na kutapika, ikabidi tumtoe, na ile Juni mshahara ni nusu na nusu yenyewe haijaja. Kibubu kile kimekaa juu ya kabati kizito hata kukisogeza ni kwa mikono miwili, na mimi nina shilingi 340 mkobani. Nyundo ipo kwa jirani. Wallahi nilisimama katikati ya chumba nikikitazama, nikivunja naharibu nakshi ya watu, nisipovunja nikakope, na aibu ya kukopa una pesa ndani sikuwahi kuijua mpaka siku ile. Nikachukua chupio la nywele. Nikapindua kibubu, nikaingiza chupio tunduni nikawa navuta noti moja moja kama mtu anayevua changu kwa mshipi, dada kashika taa ya simu huku mama analalamika "hizo pesa zenu zina siri gani." Dakika ishirini nikapata 1,750. Ilitosha usiku ule, alhamdulillahi mama yuko salama. Lakini fundi, sikiliza: kwanza pesa yangu ya dharura isitake chupio, na pili kama mimi nimeweza kutoa kwa chupio basi na mwizi ataweza. Nyota ya tano imekwenda hapo.

Kuna mgeni alikuja Agosti, mwalimu wa uchumi chuo kikuu huko kwao, nikampelekea chai darini akaniuliza watu wa hapa huweka vipi akiba, nkamwambia kisa cha chupio akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Akasema kuna wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya majaribio magharibi mwa Kenya kwa watu walioko kwenye michezo ya kuchangishana pesa kwa zamu, kama hii yetu ya kina mama, matokeo yakachapishwa 2013. Wengine waliwapa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wakabaki nao wenyewe, wengine wakapewa sanduku lile lile ila ufunguo hawana, halifunguliwi mpaka watimize kiwango walichojiwekea kwa ajili ya mambo ya afya. Ungedhani la pili ndilo lililofanya kazi zaidi, mimi nilidhani hivyo. Kumbe la kwanza. Wenye ufunguo wao waliweka na wakatumia kwa yale waliyoyakusudia, na hili la pili halikusaidia sana kwa sababu mtu alikuwa anaogopa kutia pesa mahali ambapo mtoto akiugua hazifiki. Sanduku tu, mtu kuwa na mahali, kuweza kusema hizi ni za kitu fulani, ilikuwa yatosha. Nkamwambia mwalimu hiyo ungeniuliza mimi ningekwambia bure, Juni ile.

Ubaya wa pili si wa fundi, ni wa pesa. Ndani ya kibubu pesa haikui. Elfu moja uliyoitia Mfunguo Mosi ni elfu moja ile ile Shaabani, na unga na mafuta havikukungoja. Shilingi nayo ina mambo yake, Januari 2024 dola ilifika karibu 160 ikarudi 130 hivi, kibubu hakijui habari hizo hata moja. Na wakumbukeni wa 2019. Juni Mosi serikali ikatangaza noti mpya, mwisho wa Septemba noti ya zamani ya elfu ikafa, na Benki Kuu ikaja kusema zaidi ya bilioni 7 hazikurudishwa. Wengine walikuwa wezi wa pesa za umma sawa, lakini wengine ni wazee wa visiwani ambao habari ziliwafikia zimechelewa. Mzee mmoja mtaani kwetu alizikuta kwenye mto wa kulalia mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kusahau, kibubu si chako.

Pia ungejua benki yako ikianguka serikali inakulinda mpaka laki tano, tangu 2020, zamani ilikuwa laki moja. Nyumba ya makuti ikishika moto kibubu hakina mtu wa kukulipa. Na unyevu! Mwezi wa Julai noti za chini zilishika koga, nilipozitoa zilinuka kama mkeka wa msikitini uliorowa. Mwembe nao hubunguliwa, mimi changu kilianza unga unga upande mmoja nikakipaka mafuta ya taa. Ukiwa na pesa ya kuzidi mwambie akufanyie cha mbambakofi, ila jiandae bei.

Mfanyakazi mwenzangu ni wa bara, yeye ananicheka. Anaweka Ziidi, ule mfuko wa uwekezaji wa kwenye simu, unaanza na shilingi mia, kila siku inamuongezea senti mbili tatu anazionyesha kama picha za mtoto. Tena akaniambia Benki Kuu wana programu ya kununua bondi za serikali kwa simu tangu 2023 na wameiita DhowCSD. Dhow! Jahazi letu limefika Nairobi limekuwa benki na hapa Matondoni waundaji hawajapata hata mbao. Lakini bondi ndogo kabisa huko ni elfu 50, na kabla yake kulikuwa na M-Akiba ya 2017, bondi ya simu nayo, ulikuwa waingia na elfu tatu, asilimia kumi kwa mwaka bila kodi. Si mbaya kwa mwenye kuridhia. Mimi nimelelewa na bibi ambaye neno riba likitajwa hujifunga mtandio upya, kwa hiyo nimebaki hapa. Benki za kisharia zipo, Gulf African tangu 2008, na sacco za kiislamu zipo, sijakataa, nimesema kila kitu kwa wakati wake. Ukiwa huna hata elfu tano zilizokaa pamoja kubishana kuhusu faida ni kubishana bei ya nahodha na chombo bado ni mti.

Bibi mwenyewe benki yake ni mkononi. Bangili zilikuwa nne, sasa mbili. Moja iliezeka nyumba bati, moja ilinisomesha mimi kidato cha tatu na cha nne. Hajui soko la dunia ni nini lakini tazama, wakia moja ya dhahabu, gramu 31 hivi, ilivuka dola elfu mbili mara ya kwanza 2020, Machi 2025 ikavuka elfu tatu, Oktoba mwaka huo huo elfu nne. Yeye alizinunua kwa pesa za kuuza mikate ya kumimina. Ninapomwambia bei ya sasa ananiambia "mimi siyaiuza, bei ni ya anouza."

Na ndiye nilimuuliza siku moja, bibi, hivi mtu wa mshahara kama wangu ahangaike na mali ya nini, si tutakufa tuyaache. Hakunijibu. Akanyanyuka akafungua kasha lake akanionyesha kifurushi cha nguo nyeupe, sanda yake. Kainunua mwenyewe, na bahasha ya kuchimbia kaburi iko juu yake, na ya chai ya watu. Akasema "sitaki siku hiyo bakuli lipite." Mimi nilidhani watu wanatafuta mali wanunue vieite, yale magari makubwa, wajenge ghorofa tatu waonekane, na wapo wa hivyo, tunawajua na tunahudhuria harusi zao. Lakini wengi ninaowajua mimi wanatafuta sitara. Mgonjwa wako asilale nje, mgeni akija usitume mtoto kukopa sukari, ukiambiwa kazini "kama hutaki ondoka" uwe unaweza kuondoka. Hicho cha mwisho ni changu, bibi hakukisema.

Ehe, siku ya nyundo.

Ilikuwa Shaabani, wiki moja kabla ya Ramadhani. Tulikaa sebuleni, mimi, mama, bibi, dada na watoto, mlango tumeurudisha. Nakshi ilinitia uchungu kwa hiyo nilikipindua nikaanzia chini. Kilikataa. Mara ya kwanza, ya pili, nyundo inarudi tu, fundi huyu anajua kugonga misumari yarabi, mara ya nne mbao ikapasuka ndovu wakatambaa sakafuni watoto wakapiga kelele mpaka jirani akaita "kuna nini huko?" Bibi akajibu "paka kavunja sahani." Bubu alikuwa amesema siku hiyo moja tu na bibi kamfunika.

Ndovu 437, wale peke yao ni 8,740. Simba 72. Noti za hamsini 112, za mia 96, za mia mbili 31, za mia tano 13, za elfu moja 4. Jumla 41,360, mbali na zile yuro na zile 1,750 za chupio. Tulihesabu mara tatu. Kwa mtu wa Nairobi anayesoma hii labda ni kodi ya mwezi, sawa. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuziona elfu 41 zangu mahali pamoja, zilikuwa zikipita kama maji ya mfereji. Nkamuuliza ustadhi kama kuna zaka akasema kiwango ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, akacheka, "rudi ukifika." Tumecheka pamoja ila nimeishika hiyo, nataka siku moja nidaiwe zaka.

Bibi akasema weka kidogo dhahabu. Nkaenda kwa sonara nkarudi mikono mitupu, gramu moja tu ilikuwa inanimaliza karibu yote ambayo ningebakisha, na akanieleza ukija kuuza ujira wa kutengeneza haurudi. Zama za bibi na zama zangu si moja hapo.

Nilinunua friza. La mtumba, hoteli moja ilikuwa inabadilisha vyombo, 19,500, na 800 ya mkokoteni na hamali waliolitoa gatini mpaka mlangoni wakilaani vichochoro vyetu. Nagandisha maji ya vifuko kwa wavuvi wadogo, na barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa madrasa. Siku nzuri nakamata mia tatu baada ya kutoa tokeni za stima. Stima ikikatika siku nzima napata hasara na chumba kizima kinanuka ukwaju, msije mkadhani nimetajirika. Lakini Aprili hii kusi ikianza na gesti ikitupa nusu mshahara, kwa mara ya kwanza sitakuwa na mfuko mmoja tu. Elfu kumi iko kwenye kasha la bibi, amana, hiyo ndiyo ya usiku wa homa. Iliyobaki imekuwa mtaji wa ukwaju na sukari, na tokeni, na nilinunua kanga doti mbili simfichi mtu.

Nani akinunue? Anayepata pesa kidogo kidogo kila siku mkononi, boda, muuza viazi vya karai, nahodha, wa tipsi, msusi. Mwenye mshahara wa benki moja kwa moja hakitamfaa, atakuwa anatoa pesa kwa wakala analipa 29 ili azitie kwenye mbao. Mwenye mume mwenye nyundo pia afikirie vizuri.

Usinunue chenye tundu pana, kikikupokea noti bila kuikunja mara nne basi na chupio litaingia kwa raha. Usikiweke sebuleni hata kama nakshi imependeza, mimi mwezi wa kwanza nilikiweka sebuleni na kila aliyeingia alikitikisa.

Nimerudi kwa fundi na kipande kilichopasuka, nikamweleza yote, ya Juni na ya chupio na ya yule mwalimu na masanduku yake. Akanisikiliza huku anapiga randa. Nikamwambia nataka kipya, kina mlango mdogo chini, kufuli dogo, ufunguo atakaa nao bibi, na ndani ya tundu atie kibati kilichopinda ili kitu kiingie kisitoke. Akasema hicho si kibubu tena mwanangu, hicho ni kigugumizi. Bei 1,300, hashuki hata nimtajie bibi. Nimelipa nusu. Akaniambia inshallah Ijumaa, na hii ni Ijumaa ya tatu, kwa hiyo kwa sasa ndovu wanalala kwenye debe la maziwa ya unga na watoto wamegundua kifuniko kinafunguka.

Mkimtafuta, ukitoka uwanja wa Mkunguni na Ngome ikiwa mgongoni kwako fuata barabara kuu kwenda Langoni, usikilize randa. Asubuhi yupo, baada ya adhuhuri hayupo, na msimwambie ile 850.